Mzimu wa Mjerumani Unalinda Nini?

Kijana wa bodaboda aliyenipeleka kwenye kilima cha Robert Koch, pale Mwanza mjini, alizima pikipiki chini na kukataa kupanda. "Dada, mimi naishia hapa. Hiyo nyumba ina wenyewe."

Wenyewe ni Wajerumani. Usiku, anasema, wanatembea na mabuti, wanahesabu dhahabu waliyoifukia walipokimbia vita. Anayeichimba bila kafara anarukwa na akili.

Nilitoka Geita asubuhi, nikavuka Busisi, kwa ajili ya hadithi hiyo tu. Naijua tangu utotoni. Shinyanga wanakusimulia kuhusu nyumba fulani ya zamani, Geita ni pango, Tabora ni boma. Jengo linabadilika, simulizi ni ileile. Sasa mimi sitaki kubishana kama mizimu ipo au haipo. Nataka kuisoma hadithi hii kama tunavyosoma riwaya: nani yumo, nani ameachwa nje?

Kwanza sifa yake. Ina mguu mmoja kwenye historia. Julai 1916 Waingereza waliiteka Mwanza, Wajerumani wakarudi nyuma kusini kuelekea Tabora, nayo Tabora ikachukuliwa na jeshi la Wabelgiji Septemba 19 mwaka huohuo. Mtu anayekimbia huacha kitu, na hapo msimulizi anapata upenyo wake.

Ila dhahabu ndiyo inayoiangusha. Mwaka huohuo wa 1916, kwenye karakana ya reli ya Tabora, Wajerumani walichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakagonga sarafu za rupia 15, zenye tembo upande mmoja, kama 16,000 hivi. Jeshi lililofikia kugonga pesa kwenye karakana ya treni linahangaika kulipa watu. Halina ya kufukia.

Mjomba wangu hakuambiwa hayo. Aliuza ng'ombe wanne akanunua "ramani ya Mjerumani" kutoka kwa mtu aliyekuja na rupia moja iliyochakaa kama ushahidi. Akachimba miezi mitatu, mganga akidai mbuzi mweusi kila shimo lilipotoka tupu. Kijijini hakuna aliyemcheka, maana wote waliiamini hadithi. Alifariki akijua kosa lake lilikuwa kafara tu. Kwa hiyo mkiniambia simulizi hizi ni burudani ya jioni, mnisamehe, sikubali.

Kiswahili kilishawahi kuonyesha njia nyingine. Muhammed Said Abdulla, katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), anamweka maiti kwenye mzimu wenyewe, mahali ambapo kila mtu ana jibu tayari mdomoni. Bwana Msa halipokei jibu hilo. Anawarudia watu walio hai na siri zao za ukoo. Wengi tunamsifu kwa akili yake ya kipelelezi, na mara nyingine hiyo akili inanichosha kidogo, inajua mno. Ninachokipenda ni kwamba anakataa mzimu usitumike kufunga mazungumzo.

Abdulrazak Gurnah anakwenda mbali zaidi, ingawa kwa Kiingereza. Katika *Afterlives* (2020), kijana Ilyas anajiunga na askari wa Mjerumani na harudi. Miaka inapita, dada yake anazaa mtoto na kumpa jina hilohilo, na mtoto anaanza kusikia sauti. Hata mganga anaitwa. Ila sauti ile haina habari na hazina yoyote: inamtafuta mtu aliyepotea. Nyumba haitatulia mpaka mmoja wao aende kuuliza yule mjomba aliishia wapi. Huyo ndiye mzimu wa vita ninayemwelewa.

Linganisha na wa kwetu. Vita ile ilibebwa vichwani. Upande wa Waingereza peke yake, makadirio mengine ya wapagazi waliokufa yanakaribia laki moja, wengi kwa njaa na maradhi. Kariakoo ya Dar es Salaam imebaki na jina la kikosi chao. Wengi walichukuliwa Usukumani na Unyamwezini, na bado katika hadithi tunayosimuliana ukanda huu wote, anayerudi usiku ni ofisa mwenye buti. Mpagazi hatoki, hata kama kivuli. Tumempa Mjerumani nyumba, dhahabu, na sasa uhai wa milele.

Juu kilimani nilikuta kuta nene, mijusi, na ziwa linavyong'aa. Nikashuka. Kijana alikuwa anafuta kiti cha pikipiki.

"Umewaona?"

"Sijawaona. Kwenu kuna aliyekwenda ile vita?"

Akafikiri. "Baba yake babu. Alibebeshwa mizigo, hakurudi."

"Na yeye hajawahi kuwatokea?"

"Atatutokeaje, dada? Hatujui hata alifia wapi."

Akawasha pikipiki, tukaondoka.