Alfajiri Mlangoni mwa Disneyland: Matembezi Haya ni ya Nani?



Huenda ukastaajabu kukuta katika kurasa hizi, ambazo umezoea kusoma humo juu ya malezi na vitabu na mashairi, maneno juu ya bustani ya michezo iliyoko Marekani. Lakini jambo lenyewe haliko mbali nasi kama tudhanivyo. Ni nadra leo kupata mtaa katika Mombasa, Lamu, Tanga au Unguja usiokuwa na nyumba yenye mtoto wake London, Toronto au Maskati. Na picha za wajukuu waliovaa masikio ya panya hutufikia katika simu kabla hatujamaliza chai ya asubuhi. Wapo pia wendao kuwazuru jamaa zao, nao wakachukuliwa huko pamoja na watoto. Mwaka 1992 ilifunguliwa bustani ya namna hiyo karibu na Paris, na mwezi wa Mei 2025 ikatangazwa kwamba nyingine itajengwa Abu Dhabi. Basi yafaa tuitazame kama tutazamavyo kazi yoyote iliyotungwa na mwanadamu: tuseme uzuri wake, tuseme kasoro yake, kisha tujiulize sisi wenyewe twaiendea vipi.

Tuanze na asili yake, maana ndani ya asili hiyo mna hukumu ya yote yatakayofuata. Walt Disney, mtengenezaji wa filamu za katuni, alikuwa na binti wawili, Diane na Sharon. Siku za mapumziko alikuwa akiwapeleka katika bustani ya Griffith mjini Los Angeles kupanda farasi wa mbao wanaozunguka. Watoto walizunguka, na baba yao akikaa juu ya benchi akiwatazama. Alisimulia mwenyewe baadaye kwamba hapo ndipo lilipomjia wazo: kwa nini pasiwe na mahali ambapo wazee na watoto watafurahi pamoja, badala ya mmoja kucheza na mwingine kungoja? Kutokana na wazo hilo ikajengwa Disneyland katika mji wa Anaheim, ikafunguliwa tarehe 17 Julai 1955. Benchi moja litokalo katika bustani ile ya Griffith limewekwa humo ndani hata leo, watu walione.

Likumbuke benchi hilo, ndugu msomaji. Tutalirudia.

Sasa tazama yanayofanyika leo. Imekuwa ada kwa wenye watoto wadogo kufika mlangoni kabla ya bustani kufunguliwa. Katika bustani ya Florida, iliyofunguliwa mwaka 1971, milango aghalabu hufunguliwa saa 3 asubuhi, na wale waliolala katika hoteli za bustani hiyo huruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya wengine. Lakini mwenye kuja na gari hawezi kufika mlangoni moja kwa moja. Kutoka penye maegesho yambidi apande feri avuke ziwa, au apande treni ya reli moja. Kwa hivyo mtoto wa miaka mitatu au minne huamshwa kungali giza, akavishwa nguo huku amesinzia, akatiwa katika kigari chake na chupa ya maziwa mkononi. Wakifika ndani, husimama mbele ya kamba iliyoshikwa na wafanyakazi, na saa ikitimu kamba hulegezwa. Hapo ndipo utakapowaona watu wazima, mabwana wenye heshima zao na mabibi, wakienda mbio na vigari vyao mithili ya watu waliosikia kwamba meli yang'oa nanga.

Wanakimbilia nini? Wengi wanakimbilia mchezo wa Peter Pan, ambao ni jahazi dogo lililoning'inizwa juu ya reli, likapita gizani juu ya London iliyotengenezwa kwa taa. Ni kazi nzuri, imekuwapo tangu 1955. Lakini safari yake haifiki hata dakika nne, na ifikapo mchana foleni yake huweza kuwa ya saa nzima. Basi mzazi husema: heri niamke alfajiri nimpunguzie mwanangu kusimama juani.

Hapa, tusiwadhulumu watu. Hoja hii ni ya kweli, wala si ya kuchekwa. Mtoto mdogo akili yake na furaha yake ni asubuhi. Jua likipanda huchoka, akaanza kulia bila ya sababu anayoijua. Florida wakati wa kiangazi ina joto na unyevu kama wa kwetu mwezi wa Machi, na alasiri mara nyingi huja mvua ya radi. Tena kuamka mapema si jambo la kigeni kwetu sisi. Mtume (S.A.W.) aliuombea umma wake baraka katika asubuhi zake, na wazee wetu wakisema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Mwenye kuitoa familia yake mapema amefanya jambo la busara, na sisi hatumlaumu kwa hilo hata kidogo.

Tunalolilaumu ni jingine. Nitakusimulia kisa.

Kijana mmoja katika jamaa zetu, akaaye ng'ambo, alimpeleka binti yake wa miaka minne katika bustani moja kubwa ya michezo. Jina lake halina haja kutajwa. Alijitayarisha kama atayarishavyo nahodha safari: alikuwa na orodha, alikuwa na simu inayoonyesha dakika za kungoja kwa kila mchezo, na alijua njia ipi ni fupi. Saa 4 na nusu walikuwa wamekwisha maliza michezo saba. Yeye mbele na simu yake, mkewe nyuma akisukuma kigari. Jioni nyanya wa mtoto akapiga simu kutoka Mombasa. Akamwuliza, "Haya mama, hebu niambie, leo umeona nini huko?" Mtoto akafikiri, kisha akajibu, "Nimeona mgongo wa baba."

Nyanya alicheka. Kijana yule aliniambia kwamba yeye hakuweza kucheka.

Mtoto hakusema uwongo. Katika michezo saba ile, kila mmoja ulichukua dakika chache tu, na saa zilizobaki, kitu kilichokuwa mbele ya macho yake ni mgongo wa baba unaokwenda mbio. Baba alifanya yote kwa ajili yake, isipokuwa kukaa naye.

Nami nilipokisikia kisa hiki nikakumbuka mgongo mwingine. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiswalisha, mjukuu wake, Hasan au Husein, akampanda mgongoni naye yumo katika sijda. Akairefusha sijda ile hata Masahaba wakadhani kuna jambo limempata. Baada ya swala wakamwuliza, naye akawajulisha kwamba mtoto alikuwa amempanda, akachukia kumharakisha mpaka atosheke. Izingatie habari hii, ewe mzazi. Watu wa msikiti mzima wamengoja, kwa kuwa mtoto hajamaliza kucheza. Na sisi, katika siku tuliyoitenga makusudi kwa mchezo wa mtoto, twamwambia: haya, haya, twende, wakati unapita!

Na kasoro ya pili ni ya wale waitwao wajuzi wa mambo haya: kwa kukimbia, wanakipita kilicho bora. Ukiingia Disneyland, kitu cha kwanza ni barabara iliyotengenezwa mithili ya mji mdogo wa Marekani wa mwanzo wa karne ya 20, kama Marceline katika Missouri, alikoishi Walt Disney udogoni. Ghorofa za juu za majumba yake zimejengwa kwa kipimo kidogo kuliko za chini, ili macho yaone urefu usiokuwapo, na mtoto ahisi kwamba mji huu umekuwa kimo chake. Kasri iliyo mwisho wa barabara ina urefu wa mita 23 hivi tu, lakini kwa ufundi huo huo huonekana ndefu zaidi. Gari la moshi huzunguka bustani yote juu ya tuta la udongo, na tuta hilo huficha mji wa nje usionekane. Yote haya yametengenezwa kwa mtu atembeaye polepole, asimame, aangalie, aulize. Mwenye kukimbia na kigari ameilipia kazi hii ya fundi, kisha akaipita kama apitavyo mtu kichochoroni. Kama ungemwona mtu amenunua kitabu, akafunua kurasa zake kwa haraka ili afike mwisho kabla ya jirani yake, je, ungesema amekisoma?

Ama lawama yote si ya mzazi. Wenye bustani nao wana fungu lao. Mwaka 1955 mtu mzima aliingia kwa dola 1, mtoto kwa senti 50, na kila mchezo ulilipiwa mbali. Mwenye kutaka kuingia akakaa tu, aliweza. Leo, siku za msongamano, tikiti ya siku moja ya mtu mzima imepita dola 200, na mtoto aliyefika miaka mitatu hulipiwa karibu sawa na huyo. Kutoka 1999 palikuwa na utaratibu wa kupunguza foleni bila ya malipo. Kuanzia 2021 jambo hilo limefanywa la kununuliwa. Mtu aliyetoa fedha nyingi namna hiyo huanza kuhesabu kila dakika, na kila dakika aionayo haina mchezo ndani yake huiona ni hasara. Mahali palipobuniwa na baba aliyekaa juu ya benchi pamekuwa mahali ambapo baba haoni kwamba ana haki ya kukaa. Hilo ndilo kosa kubwa la kazi hii, nalo halimo katika mbao wala rangi zake.

Kuna na jambo jingine, nalo nitalisema kwa upole. Mtoto wetu wa miaka minane tunamwonea huruma kumwamsha kwa swala ya alfajiri; twasema bado mdogo, mwacheni alale, baridi. Lakini huyo huyo tumemwamsha kabla ya jua kwa ajili ya jahazi la Peter Pan, naye ameamka kwa furaha. Maana yake nini? Maana yake kuamka kunawezekana, na uzito haukuwa wa mtoto. Siku ya matembezi ndiyo siku nyepesi kabisa ya kuanza: muamshe, mswali pamoja chumbani mwenu, baba na mama na watoto, kisha mtoke na baraka. Pengine baada ya miaka mingi atasahau mchezo upi alianza nao, lakini swala ile ya hotelini gizani hataisahau.

Basi tufanyeje, tusiende? La. Michezo ya halali kwa watoto ni haki yao, na mzazi anayejitahidi kuwafurahisha ana thawabu ya nia yake. Nendeni, na mwende mapema. Lakini usiku wa kuamkia siku hiyo laleni mapema pia, maana hamwezi kuiba usingizi wa mtoto ncha zote mbili. Chagueni mambo matatu tu, na moja katika hayo alichague mtoto. Akitaka kulirudia mara mbili, mwacheni alirudie. Mchezo wa vijahazi vya wanasesere wa mataifa, uliotengenezwa kwa maonyesho ya New York ya 1964, humpendeza mtoto mdogo, wakaaji wake wanakwenda polepole, na aghalabu hauhitaji kukimbiliwa. Michezo ya kasi ina kipimo cha kimo. Gari la Space Mountain huko Florida halimchukui aliye chini ya sentimita 112. Msimpeleke mtoto penye mlango atakaorudishwa akalia. Na kama wakubwa wanautaka mchezo huo, upo utaratibu wa mzazi mmoja kubaki na mdogo, kisha wakabadilishana bila ya kupanga foleni upya. Ifikapo adhuhuri, rudini mkapumzike. Na kabla ya kuondoka, tafuteni benchi, mkae.

Wala tusidhani maradhi haya ni ya ng'ambo peke yake. Sikukuu zetu, Mnazi Mmoja Unguja au Makadara Mombasa, utamwona mtoto katika nguo yake mpya amependa pembea moja, hataki kushuka, na mzazi anamvuta mkono: shuka, twende kule, hujaona kule! Twamwonyesha sisi tunavyotaka aone, kisha twamwita mkaidi.

Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Na wakasema, haraka haraka haina baraka. Watu hudhani methali mbili hizi zinapingana. Hazipingani. Ya kwanza yakuambia toka mapema, na ya pili yakuambia ukishafika, tulia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awabariki watoto wetu walio karibu na walio mbali, azitie baraka asubuhi zao, na atujaalie sisi wazazi kuwa watu wanaoonekana nyuso zao nyumbani, si migongo yao. Amin.