Povu Linalobeba Mwamba

Mwaka 2017, serikali ilipozuia makinikia, yaani mchanga wa madini, kusafirishwa nje, Tanzania nzima ilizungumzia makontena na mrabaha. Namna makinikia yanavyopatikana haikuzungumzwa sana, ingawa ni ufundi wa kustaajabisha.

Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, dhahabu imefungamana na salfaidi, yaani madini yaliyoungana na salfa: pairiti yenye chuma na kalkopairiti yenye shaba. Mwamba wa namna hii husagwa ukawa unga, ukachanganywa na maji, kisha tope likaingizwa kwenye matangi yanayokorogwa na kupulizwa hewa kutoka chini. Hapo ndipo dawa hutiwa. Maarufu kuliko zote ni zanthati, na tani nzima ya mwamba mara nyingi hutosheka na makumi ya gramu tu.

Ncha moja ya molekuli ya zanthati hushika uso wa salfaidi. Mkia wake, wenye asili ya mafuta, huyakataa maji. Chembe iliyovikwa hivyo hailowani tena. Ikigongana na kiputo cha hewa, hujishikiza na kupanda nacho hadi kwenye povu la juu, linalokusanywa kuwa makinikia. Kalkopairiti ina uzito zaidi ya mara 4 ya maji, lakini huelea. Kwatzi, iliyo nyepesi kuliko hiyo, hubaki chini kwa sababu inakubali kulowana.

Kazi ngumu ni kuchagua. Pairiti nayo huipenda zanthati, na ikijaa kwenye povu hushusha kiwango cha shaba. Kwa hiyo fundi huongeza chokaa mpaka pairiti ikatae kuelea. Kwenye madini ya risasi na zinki, zinki huzuiwa kwanza. Risasi ikishatolewa, salfeti ya shaba huiamsha zinki nayo ipande. Huko Broken Hill, Australia, madini hayo mawili yalikuwa yakitenganishwa kwa povu tangu mwaka 1912.

Fundi hulisoma povu kwa macho. Likiwa jeupe na tupu, madini yamepungua au dawa haitoshi. Likiwa zito lisilopasuka, limezoa tope. Akiwa na shaka huchota kidogo kwenye sahani na kuizungusha taratibu, mpaka unga wa manjano ujitenge na mchanga mweupe.

Akizidisha dawa, kila kitu kitaelea, na hapo hakuna kilichotenganishwa. Ustadi wake wote uko kwenye kipimo. Tukitaka faida ya makinikia ibaki nchini, kipimo hicho kifundishwe vijana wetu kwa bidii ileile tuliyodaia mrabaha.