Lala Land Haina Masikio

Kuna wakati Akili anageuka, anakutazama machoni, anauliza swali, halafu ananyamaza. Sekunde mbili tatu hivi. Mtu mzima anaweza kudhani bando limeisha. Mpwa wangu wa miaka minne anajua ni zamu yake. Anajibu kwa sauti mpaka kuku waliokuwa mlangoni wanakimbia.

Sekunde hizo ndizo zilinifanya niipende Akili and Me. Pia ndizo zinanisumbua.

Kama hujawahi kuiona, ni katuni ya watoto ambao hawajaanza darasa la kwanza. Ilianza 2016, kazi ya Ubongo, shirika la Dar es Salaam ambalo miaka miwili kabla lilikuwa limetuletea Ubongo Kids. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Akilala, anaingia Lala Land, nchi ya ajabu ambako anajifunza herufi, namba na kuchora pamoja na rafiki zake kina kiboko, simba mdogo na komba. Jina hilo limekaa poa sana kwa sisi wenye lugha. "Lala" ni amri ambayo hakuna mtoto anaipenda, na hapa imegeuzwa kuwa tiketi ya kusafiri.

Sisi hapa Kiirua tuko chini ya mlima mwingine, lakini mpwa wangu ameshaamua ni ule ule. Asubuhi, kabla mawingu hayajafunika Mlima Kenya, anaunyooshea kidole na kusema huko ndiko kwa kina Akili. Sijamsahihisha. Tinga Tinga Tales ilipotoka 2010, ikitengenezwa Nairobi kwa mtindo wa michoro ya Edward Saidi Tingatinga, wanyama walikuwa wetu kabisa, ila hakukuwa na mtoto wa kumwonyesha kidole ukisema, huyu ni mimi. Akili ni huyo mtoto.

Sasa, mwaka huu mpwa wangu alianza chekechea. Siku moja akaambiwa ahesabu mbele ya wenzake. Akasema moja, mbili, nne. Wakacheka, na mwalimu akacheka nao. Aliporudi nyumbani hakutaka kuhesabu kitu chochote, hata vidole vyake. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, baada ya muhula mzima wa kukaa nyuma nikiogopa kuuliza swali ambalo wengine wangeliona la kijinga. Kwa hiyo nilimwelewa vizuri kuliko alivyojua.

Aliyemrudisha kwenye namba ni Akili. Lala Land ni darasa ambalo hakuna anayekucheka. Mle ndani kukosa jibu ni sehemu ya mchezo, na wanyama wenyewe hukosea, wakajaribu tena. Mtoto akajibu, Akili akafurahi. Nikasema asante Dar es Salaam.

Kisha siku moja nikaacha kuosha vyombo nikasikiliza vizuri. Mpwa wangu alikuwa bado anasema moja, mbili, nne. Na Akili alikuwa bado anafurahi.

Hapo ndipo uzuri na udhaifu wa kipindi hiki unakutana. Kimya kile kinampa mtoto nafasi ya kujibu bila woga, lakini upande wa pili hakuna anayesikia. Ukisema tatu, ukisema nne, ukisema viazi, shangwe ni ile ile. Skrini haimwaibishi mtoto kwa sababu haimjui.

Sisemi kipindi hakifundishi. Utafiti wa Dina Borzekowski uliofanywa Morogoro na kuchapishwa 2018 ulionyesha kwamba watoto waliotazama Akili and Me walifanya vizuri kuliko wenzao waliotazama katuni nyingine, kwenye mambo kama kuhesabu na kutambua maumbo. Naamini. Ninachokataa ni ile tabia yetu, hasa huko mjini, ya kumpa mtoto simu na kwenda zetu tukijiambia "si ni ya elimu?" Nilikuwa nafanya hivyo hivyo, mimi na vyombo vyangu.

Siku hizi nakaa naye. Akili akinyamaza, mimi ndiye ninayesikiliza. Akiruka tatu, nainua vidole vitatu, nangoja bila kucheka.

Wiki iliyopita mama yangu alikuwa anachagua viazi vya mbegu, akivihesabu kwa Kimeru huku akivitupa kwenye debe: imwe, ijiri... Akasimama kidogo kukagua kiazi kilichooza. Kikapita kimya kama kile cha Akili.

"Tatu!" mpwa wangu akapiga kelele.

"Ii, ithatu," mama akajibu, akakitupa kando, akachukua kingine.