Kumtetea Eddy Gordo

Kesi hii inajulikana na kila aliyeshika pedi ya PlayStation mwishoni mwa miaka ya 1990. Mpiganaji mmoja wa Tekken 3, Mbrazili mwenye nywele za kusokota na suruali pana, anashtakiwa kwa wizi wa ushindi. Mtu asiyejua kitu anamchagua Eddy Gordo, anabonyezabonyeza vitufe viwili vya mateke bila hata kutazama vidole vyake, na aliyekesha akijifunza mapigo ya Jin Kazama anajikuta chini, hajui kilichompata. Wapo waliowekeana sharti kabisa kabla ya kuanza: Eddy haruhusiwi. Wapo waliomruhusu lakini ushindi wake hawakuuhesabu. Zaidi ya robo karne imepita na maoni ya wachezaji hayajabadilika sana: Tekken 3 ni mchezo bora, Eddy ndiye doa lake. Ushahidi wa washtaki naukubali wote. Ninachopinga ni hukumu. Kitu wanachokiita doa ni kazi ya fundi, na pengine ndiyo kazi safi kuliko zote ndani ya mchezo ule.

Tuanze na vitufe, kwa sababu ufundi wenyewe umeanzia hapo. Street Fighter II ya mwaka 1991, iliyofungua njia kwa michezo yote ya namna hii, ilikuwa na vitufe sita: ngumi tatu na mateke matatu, kuanzia pigo jepesi hadi zito. Kurusha mpira wa moto kulitaka kidole gumba kizunguke robo duara, chini hadi mbele, kisha ngumi ibonyezwe kwa wakati wake. Asiyeujua mzunguko huo alibaki kurusha ngumi moja moja huku akiunguzwa. Tekken ilipanga mambo kwa njia nyingine kabisa. Vitufe vinne, viungo vinne. Kwenye pedi, mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu ni wa kulia, X ni mguu wa kushoto na duara ni wa kulia. Mtu akiambiwa hivyo mara moja amekwisha kuelewa, maana mwili anao tayari. Mpango huu ulikuwepo tangu Tekken ya kwanza, lakini kwa muda mrefu hakuna mpiganaji aliyeutumia hadi mwisho wake, aliyechukua ahadi ya kwamba kitufe ni kiungo na kumwachia mgeni aione inavyofanya kazi kabla hajafundishwa neno. Kazi hiyo alipewa Eddy.

Tekken 3 ilitoka mwaka 1997 ikiwa mashine ya kutumbukiza sarafu, ikiendeshwa na bodi ya System 12. Mwaka uliofuata waundaji wake, kampuni ya Namco, wakaihamishia kwenye PlayStation, kifaa chenye kumbukumbu kuu ya megabaiti 2 tu. Kuna cha kutoa na kuna cha kubakiza, na fundi hujulikana hapo. Walichokitoa ni mandhari: nyuma ya wapiganaji pakawekwa picha bapa mahali palipokuwa na majengo yenye kina. Walichokibakiza ni mwendo wa fremu 60 kwa sekunde. Mchezaji wa kawaida hakuliona pengo la majengo. Lakini mwendo ungepungua, kila mtu angeuhisi kidoleni, hata kama asingeweza kusema ni nini kimeharibika. Walilinda uhusiano wa kidole na mguu wa kwenye skrini, na bila uhusiano huo Eddy angekuwa sanamu inayorukaruka.

Sasa mtazame kwa karibu. Wapiganaji wengi wa mchezo huu wakimaliza pigo hurudi kwenye mkao mmoja, wamesimama, mikono juu, wanangoja amri. Eddy hata akingoja hatulii. Anayumba kushoto na kulia, mguu mmoja ukirudi nyuma kisha mwingine, mwendo ambao wachezaji wa kapoeira, sanaa ya mapigano ya Brazili, huuita ginga. Ana mkao mwingine wa kujilaza chini kwa madaha kama anayepumzika, na mwingine wa kusimama kwa mikono, kichwa chini miguu juu. Kila mkao una mateke yake, kwa hiyo kitufe kilekile cha duara huzaa teke tofauti kutegemea mwili ulipo kwa nukta hiyo, na pigo linaloishia chini huwa ndilo mlango wa linaloanzia chini. Hii ndiyo sababu mbonyezaji wa ovyo haonekani wa ovyo. Amri zake ni fujo, lakini mwili unaozipokea umepangwa kiasi kwamba karibu kila amri inapata pa kuendelezwa: ngwala inazaa mzunguko, mzunguko unazaa sarakasi, sarakasi inatua katika teke. Na miondoko hiyo haikubuniwa mezani na mchoraji. Ilinaswa kutoka kwenye mwili wa Marcelo Pereira, mestre, yaani mwalimu mkuu, wa kapoeira, kisha ikakatwa vipande vidogo ambavyo kila kimoja kinaweza kuungana na vingine kadhaa bila mshono kuonekana. Anayedhani hiyo ni kazi nyepesi ajaribu kuandika aya ambayo sentensi zake zinaweza kusomwa kwa mpangilio wowote na bado zikaleta maana.

Mshtaki makini atasema: sawa, umeeleza jinsi anavyopendeza, lakini hujaeleza kwa nini anashinda asiyestahili. Hoja hiyo ina uzito. Jibu lake liko kwenye sheria ya mchezo, ambayo humgusa Eddy sawasawa na inavyowagusa wapiganaji wenzake kama King au Nina. Mapigo ya Tekken ni ya juu, ya kati na ya chini. La juu humpita aliyechuchumaa. La kati humpata aliyechuchumaa. La chini humpata anayejikinga akiwa wima, na huzuiwa na aliyechuchumaa tu. Jicho la mtu huhitaji kama robo sekunde kuona jambo na kuutuma mkono, yaani fremu kumi na tano hivi, na mapigo ya haraka ya mchezo huu hayakungojei kiasi hicho. Ndiyo maana mchezaji mzuri hategemei kuona tu, hukisia mapema. Anayeshindwa na Eddy wa ovyo ameshindwa kwa sababu amejikinga akiwa wima muda wote huku ngwala zikimfagia, au amepaniki na kuanza naye kubonyeza. Angechuchumaa kwa wakati, ile ngwala ingegonga kinga, na Eddy angebaki kwa kitambo akiwa wazi, hawezi kujizuia. Akisimama kwa mikono vilevile hana kinga. Halafu Tekken 3 ilimpa kila mpiganaji hatua ya pembeni, ya kuingia ndani ya skrini au kutoka nje, jambo ambalo katika michezo miwili iliyotangulia halikuwa la wote. Hatua moja kama hiyo, na teke lililorushwa kwa mstari linapita hewani.

Kwa maneno mengine, mbonyezaji wa Eddy ni mtihani. Anauliza swali moja kwa sauti kubwa mno: unajua kujikinga chini? Wengi wa waliokesha wakijifunza mapigo ya Jin walikuwa hawajui. Walikariri kushambulia. Walishika ile mifululizo ya mapigo kumi ambayo Namco walimpa karibu kila mpiganaji, wakaidhani ndiyo ustadi, wakati mfululizo huo wenyewe unaweza kukatwa katikati na yeyote anayekumbuka ni pigo la ngapi linakuja chini. Mkariri na mbonyezaji wako karibu kuliko mkariri anavyopenda kukiri. Wote wawili wanaendelea na mapigo yao bila kumsoma mtu aliyekaa upande wa pili. Tofauti ni kwamba mmoja amelipia fujo yake kwa saa nyingi za mazoezi, ndiyo maana kushindwa kunamuuma zaidi.

Pingamizi jingine husikika kwa wanaopenda haki kwa kipimo cha shule: mchezo ambao mgeni anaweza kumshinda mwenyeji, hata kama ni kwa mechi mbili tatu tu, unadharau bidii. Lakini fikiria mchezo huu uliishi wapi. Kwenye mashine za Japani mtu alitumbukiza sarafu, na aliyeshindwa ndiye aliyetumbukiza nyingine au akaondoka. Kwenye vibanda vya gemu vya Dar es Salaam au Mombasa hesabu ilikuwa ileile kwa sarafu nyingine: unalipia mchezo, ukipigwa unaachia pedi, na foleni iko nyuma yako inakusimanga. Mahali pa namna hiyo, mpiganaji ambaye mgeni hawezi kupata naye chochote ni hasara kwa mwenye kibanda, na baada ya muda mfupi ni hasara kwa bingwa pia, maana atabaki peke yake na pedi mbili. Eddy alimpa mgeni dakika tatu za kuamini kwamba anaweza. Bingwa naye alipata sababu ya kujifunza kuchuchumaa. Siku mbili tatu baadaye mgeni hapati tena ushindi wa bure kwa sababu watu wamemzoea, na hapo analazimika kuchagua: aende kwa mpiganaji mwingine, au aanze kujua ni teke gani linatoka kwenye mkao gani. Anayechagua la pili anagundua kwamba Eddy ni mgumu. Kumcheza kwa makusudi, kuchagua wakati wa kujilaza na wakati wa kuinuka ili adui akisie vibaya, ni kazi ya muda mrefu. Mlango wake ni mpana lakini nyumba ina vyumba vingi ndani.

Liko pingamizi ambalo ni zito kuliko yote, na wachezaji hulitaja mara chache. Kapoeira haikuzaliwa ili iwe burudani ya vidole. Ilijengwa Brazili na Waafrika waliotiwa utumwani na vizazi vyao, wengi wakiwa na asili ya Angola na maeneo ya jirani, na wengine walichukuliwa kutoka Msumbiji, upande wetu huu wa bahari. Sheria ya jinai ya Brazili ya mwaka 1890 iliifanya kosa. Ilichukua hadi mwaka 1932 ndipo Mestre Bimba akafungua shule yake kule Salvador, na mwaka 2014 UNESCO ikaingiza duara la kapoeira katika orodha ya urithi wa binadamu. Je, si kuivunjia heshima sanaa ya namna hiyo kuifanya silaha ya mtu asiyejua anachobonyeza? Ningekubali haraka kama Eddy angekuwa amepewa mateke ya kubuni na jina la Kibrazili juu yake. Lakini kilichohifadhiwa ndani yake ndicho chenyewe: ginga isiyokoma, hila ya kujifanya umeanguka, shambulio linalotokea mahali ambapo mtu wa kawaida yuko hoi. Kapoeira ni mchezo wa kumdanganya mwenzako kuhusu mwili wako unakoelekea, na hilo ndilo Eddy anamfanyia kila anayekutana naye kwa mara ya kwanza. Kilichopotea ni duara, muziki wa berimbau, watu wanaopiga makofi na kuitikia. Hilo ni pungufu la kweli na sina haja ya kulifunika. Nasema tu kwamba katika chumba chenye televisheni moja na watu kumi na wawili waliosimama nyuma ya viti viwili, makelele hayakukosekana.

Washtaki wana haki mahali pamoja. Tiger Jackson, yule wa nywele za mpira na mavazi ya disko, ni Eddy aliyebadilishwa sura, na kumpa mchezaji nafasi mbili za mtindo mmoja kulikuwa ni ukarimu uliozidi. Katika Tekken 4 Namco walimleta Christie Monteiro na mtindo uleule, Eddy akarudi nyuma. Kama alikuwa kosa, hapo palikuwa mahali pazuri pa kumsahau. Badala yake, Tekken 8 ilipoanza kuongezewa wapiganaji mwaka 2024, wa kwanza kuletwa alikuwa yeye. Mchezo huohuo mpya una swichi: mgeni akibonyeza kitufe kimoja anaingia katika namna rahisi ya kucheza, ambapo kila kitufe kinamtolea pigo zuri lililoandaliwa, kwa mpiganaji yeyote. Nia ni njema na inasaidia. Lakini msaada huo umewekwa nje ya mpiganaji, kama daftari la majibu lililofunguliwa mezani, na anayeuwasha anaonekana na wote kwamba ameuwasha. Mwaka 1997 msaada ulishonwa ndani ya mwili wa mtu mwenye jina, na mwenye baba aliyeuawa, aliyefundishwa gerezani na mzee asiyetajwa. Mgeni hakuambiwa kwamba anasaidiwa. Alimchagua kwa sababu anacheza vizuri machoni, na msaada ukaja pamoja naye.