Waya Kwenye Tangi la Karabai

Karabai ya babu ilinifikia haina kioo, pampu imekufa, lakini tangi lake la shaba halina hata bonde. Nikaamua kuigeuza taa ya volti 12, iwake kwa betri ya sola: waya mwekundu uende kwenye soketi ya balbu, mweusi ushikishwe kwenye tangi lenyewe, ili mwili wa taa uwe njia ya kurudishia umeme. Nikawasha chuma changu cha kulehemia cha wati 25, nikayeyusha lehemu nchani, nikaidondoshea tangi. Ikajiviringa kama maji juu ya jani la magimbi. Nilipoigusa kwa ukucha, ikabanduka nzima nzima.

Fundi wa Gerezani, hapa Dar es Salaam, aliligeuza tangi mara moja tu. “Mwanangu, hapa hujalehemu. Umemwaga uji.”

Lugha yetu inachangia kutuponza. Waya tunauita shaba, tangi shaba, na springi ya betri ya redio shaba vilevile. Mezani kwa fundi hivyo ni vitu vitatu. Waya ni shaba tupu, ile nyekundu. Springi ina bati na chembe ya fosforasi, ndiyo maana ukiibana inarudi. Tangi ni la shaba ya manjano, iliyochanganywa na zinki, na zinki ikipata moto huvaa haraka utando ambao lehemu haishiki. Juu ya hayo tangi ni pana. Joto la kichuma changu lilikuwa likitawanyika kabla ya pale pa kulehemia kufika nyuzi 183, ambapo lehemu ya bati 60 kwa risasi 40 huanza kuyeyuka. Tone langu lilikuwa la moto. Shaba chini yake ilikuwa baridi.

Hakuanza siku hiyo. Alilisuuza tangi kwa maji moto na sabuni, akalianika juani siku mbili, vifuniko vyote wazi, kwa sababu mvuke wa mafuta ya taa na moto havikai pamoja.

Siku ya tatu alikwangua chini ya kitako, sehemu isiyozidi ukucha wa kidole gumba, kwa msasa mpaka ikang’aa kama pete mpya. Hakuigusa tena kwa kidole. Jasho tu linatosha kuharibu. Akapaka ulimbo wa msonobari. Ukipashwa moto, ulimbo huo hulainika na kula utando, kisha hufunika shaba isipate hewa. Wapo wanaotumia asidi ya mafundi bati, na kwa ndoo si mbaya, lakini kwenye waya masalia yake huendelea kula shaba taratibu. Ncha ya waya aliisokota na kuilehemu peke yake kwanza, nyuzi zote zikawa ujiti mmoja mweupe.

Kisha akakiacha chuma cha umeme na kumtuma kijana wake kwenye jiko la mkaa. Kikaja chuma cha zamani, kichwa kikubwa kama kiberiti. Tunakiita chuma ingawa kichwa chenyewe ni shaba tupu. Akakifuta kwenye kitambaa kibichi, kikalia chwii, akakilaza ubapa juu ya tangi.

Hapo ndipo mimi ningeharakisha. Yeye alitulia. Lehemu hakuigusisha kichwa cha chuma. Aliigusisha shaba, pembeni kidogo. Haikuyeyuka. Akaiondoa, akangoja, akajaribu tena. Bado. Ulimbo ulitoa moshi mwembamba, naye akageuza uso kando, maana moshi huo unakereketa kifua. Mara ya tatu lehemu ililegea yenyewe, ikatambaa, ikatanda mpaka ukingo wake ukawa mwembamba usioweza kuonyesha inapoishia. Nimelitazama lile tambazo mara nyingi tangu hapo, kwenye meza za mafundi wengine, na bado sijalichoka.

Akauweka waya juu ya utando ule, akapasha tena, akaondoa chuma. Mkono ulioshika waya haukutikisika. Kijana alitaka kupuliza, akakatazwa kwa jicho. Lehemu ikitikiswa inapoganda hutoka na chembechembe kama sukari, na kiungo cha namna hiyo hukatika siku ukiisafisha taa. Mng’ao ukafifia mara moja, kama kioo kilichopumuliwa. Tayari.

Anachosubiri fundi ni bati lianze kuila shaba. Katikati yao huzaliwa utando mwembamba mno, mchanganyiko wa zote mbili, na huo ndio unaoshika. Ukizidisha moto unanenepa na kuwa mwepesi kuvunjika. Kichwa cha chuma chake kina mashimo kama jino bovu kwa sababu hiyohiyo: kimeliwa na lehemu ya miaka.

Akavuta waya kwa nguvu kiasi cha kuliinua tangi. Haukuachia. Nadhani sijawahi kulipa elfu tano kwa moyo mweupe namna ile.

Ukijaribu mwenyewe, anza na msasa, na ukimaliza osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula: asilimia 40 ya lehemu hiyo ni risasi.