Masimulizi ya Baba katika "Uhuru wa Watumwa"

Kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa na Sheldon Press mwaka 1934, kimepimwa mara nyingi kwa mizani ya siasa peke yake. Wahakiki wamekiona kuwa ni sifa kwa Mwingereza na lawama kwa Mwarabu, wakakiweka kando. Hukumu hiyo ina haki yake. Hata hivyo, imeacha swali ambalo mwanafasihi hana budi kuliuliza kwanza: mtunzi aliipata wapi habari yake, naye aliitendeaje?

Mbotela hakuwa mtu wa makavazi. Alikuwa mtoto wa Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na wamisheni wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walionusuriwa baharini na manowari za Kiingereza. Baba yake, Myao aliyetekwa bara, alikuwa mmoja wa watu hao. Utafiti wa Mbotela, basi, ulikuwa ni kusikiliza. Habari za kutekwa, za msafara na za jahazi zilimfikia zikiwa zimekwisha simuliwa mara nyingi, na kwa hiyo zilikuwa na umbo lake tayari. Ndizo sehemu zilizo hai zaidi kitabuni. Kama ni riwaya au historia, hilo ni gomvi la wenye kupanga rafu za maktaba.

Kasoro inaanzia hapo hapo penye nguvu. Shukrani ya mzee aliyeokolewa ilikuwa ya kweli, wala hakuna awezaye kumnyang'anya. Lakini mtunzi ameifanya shukrani ya mtu mmoja kuwa historia ya watumwa wote. Rabai, mwendo wa saa chache tu kutoka Frere Town, walikaa watoro waliowakimbia mabwana zao kwa miguu yao wenyewe. Mwaka 1888 George Mackenzie, wa kampuni ya Waingereza, aliwalipa mabwana hao fidia. Waliokuwa watumwa hawakufidiwa. Ushuhuda wa watoro hao, ungaliwekwa kando ya ule wa baba, ungalilipa neno "uhuru" maana nyingine kabisa.

Tena, Waingereza waliutwaa ukanda wa pwani mwaka 1895, lakini hali ya utumwa haikufutwa kisheria mpaka 1907. Mbotela alipokuwa akiandika, waliotumikishwa katika miaka hiyo kumi na miwili walikuwa bado wakiishi Mombasa.