Mchumi Mwenye Brashi: Kumsoma Hans Abbing Tukiwa Mubi

Mwaka 2002 Amsterdam University Press ilitoa kitabu cha Hans Abbing kiitwacho Why Are Artists Poor?, yaani Kwa Nini Wasanii ni Maskini? Mwandishi wake ni Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1946. Ni mchumi kwa elimu, na ni mchoraji na mpiga picha kwa kazi ya mikono yake. Amefundisha katika Chuo Kikuu cha Erasmus mjini Rotterdam, kisha akawa profesa wa sosholojia ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Amsterdam, naye hakuiweka brashi chini. Kitabu si kipya. Sisi tulikipata kwa fotokopi, kurasa nyingine zikiwa zimefifia. Makala haya hayakusudii kukifupisha chote. Tunataka kupima jambo moja: je, kushika kazi hizi mbili kwa pamoja kumemwezesha mwandishi kuona zaidi ya wenzake? Kwa maoni yetu, kumemfungua jicho moja na kulifumba la pili.

Tuanze na lile lililofunguka. Katika kitabu anatembea mtu aitwaye Alex, ambaye ni msanii na mchumi pia. Msomaji hahitaji kuambiwa Alex ni nani. Mchumi anauliza mbona vijana wanafurika katika kazi isiyowalisha; Alex, akiwa katika chumba chake cha kuchorea, anajikuta akifanya jambo lile lile ambalo mchumi haelewi. Mtafiti amekuwa mtoa habari wake mwenyewe, na hajisifu. Sisi wanaisimu tunaojua jinsi ilivyo vigumu kuchunguza lugha ya mama bila kuipamba, tunalazimika kumpa heshima yake.

Hoja yake kuu ni hii. Sanaa katika jamii za Magharibi imevikwa utakatifu, na kwa sababu hiyo wengi huikimbilia wakitafuta sifa, heshima au faraja ya moyo badala ya fedha. Wachache hujizolea karibu vyote. Waliobaki huilisha sanaa yao kwa mshahara wa kazi nyingine, au kwa mfuko wa mwenzi wa ndoa. Serikali ikiongeza ruzuku, haipunguzi umaskini, bali inaita watu zaidi waingie humo. Uholanzi ulikuwa mahali pazuri pa kuyatazama hayo: hadi mwaka 1987 serikali ilikuwa na mpango wa kuwapatia wachoraji riziki kwa kupokea kazi zao, na nyingi kati ya kazi hizo ziliishia maghalani.

Hapo ndipo tunapoachana naye. Anapozungumzia sanaa kuukana uchumi, msomaji wa huku anajiuliza: sanaa ipi? Lubumbashi, miaka ya 1973 na 1974, Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia ya nchi yetu katika picha zaidi ya mia moja, juu ya magunia ya unga. Huyu hakuukana uchumi hata kidogo. Alijua ni picha gani inayonunuliwa na familia ya mfanyakazi ili itundikwe sebuleni, na ile iliyopendwa aliirudia kadiri alivyoombwa. Papo hapo alijiita mwanahistoria, na hakuona kwamba kuuza kunamvunjia daraja hilo. Mazungumzo yake na Johannes Fabian, yaliyofanyika kwa Kiswahili cha Shaba, yalichapishwa mwaka 1996 katika kitabu Remembering the Present, ambacho ni hazina kwa wanafunzi wa Kiswahili kama kilivyo kwa wanahistoria. Isisahaulike kwamba Fabian, aliyezinunua picha hizo, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu pale Lubumbashi, na baadaye naye akafundisha Amsterdam, chuo kile kile cha Abbing. Mshahara wa msomi ndio uliompa mchoraji nafasi ya kuchora mfululizo ambao soko la sebuleni lisingeuagiza. Tungependa Abbing auweke mfano huo mezani: hapo soko na ufadhili vilifanya kazi pamoja, wala hapakuwa na utakatifu wa kuficha bei.

Tusogee karibu zaidi. Jirani zetu Balega, katika chama cha bwami, walichonga sanamu na vinyago vya mti na vya pembe za ndovu ambavyo leo vinauzwa Ulaya kwa bei isiyosemeka. Daniel Biebuyck alieleza mwaka 1973 jinsi vitu hivyo vilivyoambatana na methali na mafunzo ya daraja, na jinsi mtu alivyopanda daraja kwa kukusanya na kugawa mali nyingi. Sanamu yenyewe haikupelekwa sokoni, lakini haikuwa nje ya uchumi. Ilikuwa katikati yake. Sisi Banyanga tuliokuwa na butea, fedha ya nyuzi za mwale, hatuoni ajabu. Utakatifu na malipo vilikaa nyumba moja. Abbing anautazama utengano wa Ulaya, na anasahau mara kwa mara kwamba ni wa Ulaya.

Hata hivyo kuna mahali kitabu chake kinatuchoma. Badilisha neno msanii, weka mhadhiri msaidizi. Watu wengi mno, malipo haba au yasiyofika, heshima ya cheo ikikaa mahali pa mshahara, na kazi ya pili ikiilisha ya kwanza. Kwa Abbing, usomi unamfadhili msanii. Huku kwetu usomi wenyewe ndio unaoomba kufadhiliwa, na mara nyingine sanaa ndiyo inayoufadhili.

Tunaye rafiki pale Mubi mwenye lisansi ya uchumi. Hufundisha saa chache, na siku zilizobaki huandika vibao vya maduka na kuchora kuta za baa. Tangu Septemba 2010 hadi Machi 2011, serikali iliposimamisha uchimbaji wa madini na mizigo ya kasiterite kutoka Bisie ikazuiliwa, hakuna mfanyabiashara aliyeagiza kibao. Alitueleza mdororo huo kwa kuhesabu makopo ya rangi yaliyobaki, kwa usahihi ambao hatujauona katika ripoti. Tulipomsimulia habari za Alex, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama huyo Alex hulipwa kabla ya kuchora au baada ya rangi kukauka.